Kamba ya Dobi na Jina la Mwenye Kofia

Mama yangu aliitwa Barbe Weydert, na alikuwa dobi. Naanza na jina kwa sababu jina ndilo walilomwibia. Vitu vingine alivyokuwa navyo havikuwa vya kuibwa: mabeseni mawili ya mabati, ubao wa kufulia, pasi tatu za chuma za kupashwa jikoni, na kamba. Kamba alikuwa nazo nyingi. Uani kwetu hapa Grund, mto unapopita nyuma ya nyumba, zilikatiza toka ukuta hadi ukuta, na mtu mrefu akitaka kupita ilibidi aje ameinama kama anayetafuta sindano.

Mji wetu uko hivi: wenye maduka wako juu ya mwamba, wafuaji na watengeneza ngozi wako bondeni mtoni, na katikati ni kuta za ngome, zimepandana kama rafu. Uchafu ulikuwa ukishuka kwetu Jumatatu kwa kapu, usafi unapanda Ijumaa kwa mgongo wa mama. Ngazi alizihesabu kila wiki, kana kwamba kuna mtu angeweza kumpunguzia moja.

Hakuwahi kupitia mlango wa nyuma wa mteja. Mpishi wa nyumba moja kubwa alijaribu kumzungusha.

"Mama Weydert, nguo hupitia jikoni."

"Suruali ya ndani ya bwana wako naijua kuliko anavyoijua padri wake," mama akamjibu. "Mwambie anifungulie mbele, au aje azichukue mtoni."

Akafunguliwa mbele.

Kusoma hakujua. Lakini dobi asiyejua nguo ya nani ni ya nani si dobi, ni mwizi asiyekusudia. Kwa hiyo kila mteja alikuwa na alama yake, uzi mwekundu umeshonwa ndani ya pindo, na mafundo. Mwalimu wa kinanda, fundo moja. Daktari, matatu yaliyobanana. Duka la kofia la Thilges, mawili, nafasi ya kidole, halafu moja. Nilikuwa na miaka sita nikazijua zote, kabla sijajua herufi hata moja. Nguo zetu za nyumbani hazikuwa na alama. Nilimwuliza kwa nini.

"Wako humjui kwa uzi," akasema. "Wa nje ndiye anayetiwa fundo."

Wajerumani walipoingia nilikuwa na miaka saba. Hapa kwetu mtoto huongea lugha ya nyumbani jikoni, husomea Kijerumani shuleni, kisha hufundishwa Kifaransa, maana karatasi zote za wakubwa ni za Kifaransa. Wao wakakipiga marufuku hicho cha tatu, hata kusema asante kwa Kifaransa ilikuwa kosa. Miaka yangu ya kujifunza lugha ya karatasi ikapita hivyo. Vita vilipokwisha mikono ya mama ilikuwa imeshakuwa kama mizizi, nikashika beseni. Shule ikaishia hapo. Sisemi ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu ndipo waliponikamatia.

Mwenye duka la kofia alikuwa Célestine Thilges, mjane, mama wa watoto wawili: Hortense, binti wa miaka kumi na tano wakati ule, na Aloyse, mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Miaka ile minne Célestine aliweka picha ya mkubwa wa Wajerumani dirishani, katikati ya kofia zake, na maofisa walinunua kwake kofia za wake zao. Wengine walisema alilazimishwa. Wengine walisema mbona muuza glavu wa jirani hakulazimishwa. Mimi sikuwa moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba Waamerika walipofika Septemba, kwenye milango ya duka lake paliandikwa neno kwa rangi nyeusi, na mama alipopanda na kapu Ijumaa alikuta Célestine analisugua kwa brashi ya viatu. Mama akaweka kapu chini, akatoa sabuni yake ya kazi, akamwambia, "Si hivyo, Madame. Anza pembeni uende katikati."

Tulidhani vita vimekwisha. Kumbe mwisho wa Desemba wakaanza kutupiga kwa mzinga mrefu toka mbali, huusikii unakuja, unasikia tu nyumba ya mtu imeondoka. Watu wa juu na wa chini wote tukaingia ndani ya mwamba, katika mahandaki ya ngome ya kale. Yale mahandaki yana madirisha ya mizinga kuelekea bondeni, na huko kuna mwanga, lakini upepo wake unakata masikio. Watu walikwenda ndani zaidi, kwenye joto, na ndani zaidi hakuna mwanga. Taa zilikuwa chache na mafuta machache kuliko taa. Na kule kuna kisima, kirefu, kilichochimbwa na askari wa enzi hizo, na njia ya kwenda kwenye ndoo za haja ilipita kando yake.

Célestine alipokuja na wanawe wawili na mto wa kulalia, watu walikunjua miguu makusudi ili nafasi iishe. Hakuna aliyetukana. Walikunjua miguu tu. Mama akavuta beseni lake, akalisimamisha ukutani, pakapatikana nafasi ya watu watatu.

"Barbe, unawaweka hao?" mwanamke mmoja akamwuliza.

"Naweka wateja," mama akasema. "Na mtoto hana bendera."

Usiku wa tatu mzee mmoja aliteleza kando ya kisima, mguu mmoja ukaingia, wakamvuta kwa mkanda wa suruali. Asubuhi mama alishuka Grund peke yake, mzinga ukiendelea, akafungua kamba zote uani, akang'oa na misumari. Ndizo zilizokuwa riziki yake, msimu wote ule hakuwa na pa kuanika. Akazifunga ukutani toka mlangoni mpaka kisimani mpaka kwenye ndoo na kurudi, kwenye kimo cha mkono wa mtoto. Akapiga mafundo. Fundo moja: inama, dari ni ya chini. Mawili: ngazi. Matatu: kisima kiko karibu, bana ukuta. Akatutembeza sote, mmoja mmoja, taa imezimwa, mkono wangu juu ya kamba na mkono wake juu ya wangu. Alimtembeza Hortense. Alimtembeza Aloyse mara mbili, maana alikuwa mwoga, hata Hortense akamcheka. Alimtembeza na Célestine Thilges, na Célestine akasema, "Sitaki, nitapotea," na mama akasema, "Kamba hupotei nayo, Madame, labda uiachie."

Wiki nyingi tuliishi kwa kamba ile. Hakuna mwingine aliyeteleza. Mambo ndiyo hayo, hayakuwa makubwa zaidi ya hayo wala madogo zaidi.

Baada ya vita mama alirudi mtoni na mimi pembeni yake. Nilipomwambia nitaolewa na Aloyse Thilges, alipiga pasi shati zima kabla ya kujibu.

"Ana mikono mizuri," akasema. "Lakini ukimshika mkono anakwenda, ukimwachia anasimama. Utamshika maisha yote?"

"Nitamshika."

"Haya. Kichwa ni chako, na kitana ni chako."

Mama alikufa miaka sita baadaye, mapafu. Célestine alimfuata mwaka mwingine, na kwenye mazishi yake tulikuwa watu tisa, padri pamoja.

Aloyse duka lilimshinda. Akaajiriwa kutembeza wageni katika mahandaki yale yale, na hapo nakiri alikuwa fundi. Alivaa shati jeupe la kola ngumu ambalo nililifua na kulipiga wanga mwenyewe, akabeba taa, akasema na wageni lugha nne. Kamba za mama ziliishia kuoza, ila kipande kimoja cha katani, hatua kama ishirini, chenye mafundo yote matatu. Nilikuwa nimekihifadhi chini ya kitanda. Aloyse akaniomba.

"Niazime, Tavi. Nifunge kwenye misumari yake ileile. Wageni washike, nizime taa, wajue giza lilikuwaje."

Nikamwazima. Miaka zaidi ya ishirini kila ziara aliwapanga wageni kwenye kamba, akazima taa, akawaambia habari ya Barbe Weydert, dobi wa Grund. Nilikwenda kusikiliza mara chache. Kuna wageni walitoka wanafuta macho. Mimi nilitoka nimenyoosha shingo. Mwanamke aliyebeba kapu la nguo chafu sasa anatajwa kwa Kiingereza na kwa Kiholanzi ndani ya mwamba wa wafalme. Sikuhitaji zaidi.

Zaidi ikaletwa. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne, miezi michache kabla haijatimia miaka hamsini tangu vita vile viishe. Wakubwa wa mji wakasema wataweka kibao kisimani, kwa ajili ya mtu aliyefunga kamba. Walitaka ushahidi ulioandikwa na sahihi za watu wawili waliokuwamo. Hortense, wifi yangu, alikuwa amestaafu ualimu. Kifaransa chake kilikuwa kimenyooka kama rula. Nani mwingine aandike?

Alishuka Grund Jumapili ya Oktoba, amevaa kofia, ameshika bahasha. Nilikuwa nimeoka keki ya plamu.

"Hiyo kofia mpya, wifi?" nikamtania.

"Ya mwaka arobaini na nane. Sisi wa kofia hatununui kofia."

"Na sisi wa nguo hatununui sabuni. Keti."

Akaiweka karatasi mezani, upande wangu, akaweka na kalamu juu yake. Mistari mingi. Niliitazama muda ambao mtu anayesoma angeitazama. Nilikuwa na miaka sitini na moja, na sikuwahi kumwambia wifi yangu kwamba Kifaransa cha karatasi kinanipita kama treni isiyosimama stesheni yetu. Yeye alijua. Ualimu aliufanya miaka thelathini na nane, asijue? Lakini hakusema, na mimi sikusema, na heshima yetu ilikaa juu ya hayo.

Majina lakini nayasoma. Nikatafuta la mama, nikalipata, mstari wa tano: Barbe Weydert. Nikaliwekea kidole. Niliona na la Célestine, mara mbili tatu, nikasema moyoni, haya, alikuwamo naye, aandikwe, hamna neno.

"Aloyse, umeisoma?"

Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu.

"Nimeisoma."

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Tavi. Tia sahihi, tule keki."

Nikatia. Aloyse akatia chini yangu. Hortense aliikunja karatasi kabla wino haujakauka vizuri, na hilo nalikumbuka kwa sababu nilimwambia, "Utachafua," akasema, "Haidhuru, wifi." Alikula vipande viwili.

Februari tukapanda. Nilivaa koti la mazishi, maana ndilo zuri. Ndani ya handaki palikuwa na viti, na mtu wa ofisi ya mji mwenye tai, na kitambaa juu ya ukuta kando ya kisima. Walihutubia kwa Kifaransa. Niliona Hortense analia, nikampa leso yangu. Kisha kitambaa kikavutwa.

Jina lilikuwa moja tu. Lilikuwa kubwa, herufi za shaba. Célestine Thilges.

Nikasoma tena nikianza mwisho, kama mtu anayetafuta senti iliyoangukia uvunguni. Watu walipiga makofi. Mwenye tai akanijia mkono mbele, akasema nami kwa lugha ya nyumbani, kwa upole.

"Madame Thilges, mama mkwe wako alikuwa mtu wa pekee."

"Na Barbe Weydert?"

Akafikiri. "Ah, yule dobi wake. Yumo kwenye faili. Kamba zilikuwa zake, sivyo? Madame Célestine alimtuma azilete." Akaona uso wangu. "Tumefuata ushahidi wenu, Madame. Sahihi yako ndiyo ya kwanza."

Sikulia. Sisi wa Grund hatulii mbele ya watu wa juu, tunashuka kwanza. Nilimwambia, "Kisima chenu kinahitaji kifuniko," nikashuka ngazi zote, nikizihesabu.

Aloyse alikuja saa moja baadaye. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akaanza kufungua viatu, akachukua muda mrefu kwenye kamba za kiatu kimoja.

"Uliisoma," nikasema.

"Niliisoma."

"Ukaniambia tia, tule keki."

Kiatu kikatoka. "Tavi, mama yako alikuwa na sifa zake. Grund nzima inamjua Barbe. Mama yangu alikuwa na nini? Watu walivuka barabara wasipite mbele ya duka lake mpaka siku ya kufa. Tulikuwa watu tisa. Ulihesabu mwenyewe. Hortense alisema tumpe kimoja tu, kitu kimoja cha kumfuta lile neno la mlangoni."

"Mngempa chenu."

"Hatukuwa na chetu."

"Ndio mkachukua changu." Sikupandisha sauti. "Mama yangu aliwafulia miaka kumi na minane. Neno lile la mlangoni alilisugua kwa sabuni yake. Amekufa, bado mnamfulisha. Sasa mmempa jina lenu alifue."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Niandikie Kifaransa chake, nitatia sahihi."

Siku ya pili nilikwenda ofisini peke yangu. Walinikaribisha kahawa. Walisema kibao kinaweza kubadilishwa, wala si kazi, lakini ushahidi ulitolewa na wawili na lazima ukanwe na wawili. Barua moja, sahihi mbili. Yangu ilikuwa tayari. Nilimpelekea Aloyse jambo hilo mezani pamoja na supu yake ya maharage.

"Hortense akishakufa," akasema. "Nakuapia. Nisimuaibishe akiwa hai, ni dada yangu."

"Mimi niaibike nikiwa hai?"

"Kibao ni chuma tu, Tavi. Nani anasoma vibao? Wageni husikiliza mdomo, na mdomo ni wangu. Mimi habari ya Barbe naisema kila siku, sitaacha. Njoo usikie."

Nikamshika hapo. Mama aliniambia ukimshika mkono anakwenda. Nikasema, "Nitakuja."

Nilikwenda Jumatatu ya Pasaka. Siku ile watu wa mji wote huwa juu, kununua vindege vya udongo vya kupuliza. Filimbi zinalia kila pembe mpaka padri anafunga madirisha. Nilipita katikati yao nikaenda kwenye dirisha la tiketi. Mkata tiketi, Jeannot, alinijua tangu akiwa na ndevu nyeusi.

"Tavi, umechanganyikiwa? Mke wa Aloyse halipi."

"Leo ni mgeni. Nikatie."

"Mgeni toka wapi?"

"Toka chini."

Akanikatia, anacheka.

Tulikuwa kama kumi na wanane. Aloyse aliniona nyuma ya kundi, akauma meno kidogo, akaendelea. Alitupeleka kwenye madirisha ya mizinga, akasema habari za Wahispania na Wafaransa na Waaustria waliochimba na kujenga, aliyekuja akaongeza na aliyeondoka akaacha. Sauti yake bado ilikuwa nzuri. Tukaingia ndani. Akatupanga kwenye kamba, mmoja nyuma ya mwingine. Mkono wangu uliangukia mafundo mawili, ya ngazi. Katani ilikuwa imelainika kwa mikono ya watu, kama shuka la zamani.

Akazima taa.

Wageni walifanya ile sauti wanayofanya. Kisha sauti ya mume wangu ikaja, karibu, bila kuharakisha.

"Kamba mliyoshika ilifungwa na dobi mmoja wa Grund. Barbe Weydert. Hakujua kusoma. Aliandika kwa mafundo."

Akasema yote. Mguu wa mzee kisimani, misumari iliyong'olewa, taa iliyozimwa ili wajifunze, mvulana mwoga aliyetembezwa mara mbili. Alisema, "Mvulana huyo ni mimi," na hilo hakuwahi kulisema hapo nyuma. Mimi niliyetembea miezi miwili na jiwe kifuani nikasikia linasogea. Nilisema kimya, haya basi. Chuma kiwe chao, mdomo uwe wetu.

Akawasha taa.

Mwanamke mmoja mwenye skafu nyekundu alikuwa amesimama kando ya kibao. Akakisoma, akamgeukia.

"Samahani bwana, hapa pana jina lingine. Sasa ni nani?"

Aloyse akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Jibu lilikuwa na maneno mawili, na alikuwa ameyasema muda si mrefu, midomo bado ina joto lake. Nilimwona akiyatafuta. Hortense hakuwepo. Mwenye tai hakuwepo. Palikuwa na wageni kumi na wanane ambao kesho wangekuwa kwao.

"Kibao kimeandikwa na watu waliosoma, Madame," akasema, akatabasamu lile tabasamu lake la kazi. "Gizani watu husema mengi."

Wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, walichekeshwa wakacheka.

"Rudia, Aloyse," nikasema. "Rudia na taa inawaka."

Akakohoa. "Tuendelee, mabibi na mabwana. Mbele kuna chumba cha waokaji mikate."

Niliachia kamba, nikaenda kwenye msumari wa kwanza, nikafungua. Fundo la msumarini lilikuwa langu, nilimfungia mwenyewe miaka ile, na lilifunguka bila shida. Nikaizungusha kamba kama mama alivyonifundisha, kiwiko na gumba, kiwiko na gumba, nikiivuta toka mikononi mwao mmoja mmoja. Walinipa kwa adabu, walidhani ni sehemu ya ziara. Mwanamke wa skafu ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Na sisi tutatokaje, bibi?"

"Mna taa," nikamwambia.

Siku ile ile niliifunga uani, toka ukuta wa mto hadi ukuta wa kibanda cha makaa, mahali ilipozaliwa. Jioni nilianika mashati ya Aloyse. Kabla ya kuyaanika nilichukua sindano na uzi mwekundu, nikageuza pindo la kila moja, nikashona. Mafundo mawili, nafasi ya kidole, moja.

Aliyaona Jumatano, akivaa.

"Hii nini?"

"Alama ya mteja."

Alikaa kitandani na shati mkononi. Aliijua alama ile. Alikua nayo, ilikuwa kwenye kila fulana ya utoto wake. Hakuniomba niitoe. Tangu hapo nilimfulia kama tunavyomfulia mtu wa juu: vizuri, kwa wakati, wanga wa kutosha, bila kuuliza habari zake. Kwa nini sikuondoka, watu waliniuliza. Niondoke niende wapi? Nyumba ni ya mama yangu.

Aliishi miaka kumi na moja zaidi. Kila asubuhi alikwenda kibandani kuchukua makaa, na kwa kuwa alikuwa mrefu, kila asubuhi aliinama chini ya kamba ile kwenda, akainama tena kurudi, ndoo mkononi. Ningeweza kuipandisha kwa shubiri mbili. Sikuipandisha. Barua ile nilimkumbusha mara moja kwa mwaka, Februari, na kila mara alisema Hortense akishakufa. Aloyse ndiye aliyetangulia. Hortense sasa ana miaka tisini na kitu, yuko katika nyumba ya wazee ya masista, anakula vizuri, anasomewa magazeti.

Alikuja kwenye mazishi kwa kiti cha magurudumu, na kofia. Tulikuwa watu wengi safari hii, Aloyse alipendwa. Kabla sanduku halijafungwa aliniomba asogezwe. Akanyoosha kola ya kaka yake, ingawa ilikuwa imenyooka, nilikuwa nimeipiga pasi mwenyewe. Kidole chake kikateremka kwenye pindo la mkono wa shati, kikasimama. Akaligeuza.

Mwalimu yule aliusoma uzi. Alikuwa ametembezwa gizani na mama yangu, na alama ile alikua nayo nguoni kama kaka yake, alijua mafundo yetu yanasema nini.

"Wifi," akasema polepole. "Unamzika na hii?"

"Ni shati lake, limefuliwa, limelipiwa," nikamwambia. "Dobi hamzuilii mteja nguo."

Wakafunga sanduku. Nilirudi bondeni kwa miguu, nikavua koti, nikatoa mashuka yaliyokuwa yamelowekwa tangu juzi, nikayaanika kwenye kamba ya Barbe Weydert.